Choma Pengine

Kazi yangu ni kuchoma magunia. Nikiulizwa nafanya kazi gani nasema hivyohivyo, na muulizaji akishangaa namwacha ashangae kidogo kabla sijamweleza. Msimu wa korosho ukianza, mimi husimama mlangoni mwa ghala la chama chetu cha msingi cha wakulima huko Mpapura, bambo mkononi, yaani kile chuma chembamba chenye uwazi katikati na ncha kali. Gunia likiletwa nalichoma ubavuni, korosho zinateremka ndani ya chuma mpaka kiganjani, kisha nazikata moja moja na kutazama ndani. Zikiwa nyeupe na zimejaa, gunia linapita. Zikiwa zimesinyaa, au zina madoa, au zimeoza, gunia halipiti, na hapo ndipo kelele huanza.

Wakulima hawanipendi, wala siwalaumu. Mtu amepulizia mikorosho salfa, amepalilia, ameokota mpaka mgongo umekataa kunyooka, halafu mwanamke mmoja anamtobolea gunia lake na kumwambia hapana. Wote husema neno lilelile: "Mama, hapo umepata bahati mbaya tu. Choma pengine." Mzee mmoja aliwahi kulizungusha gunia lake kwa mikono yake, akaniwekea kidole. "Hapa," akasema. "Choma hapa, hapa pazuri." Nikamwambia kama unajua pazuri ni wapi, basi hata pabaya unapajua. Watu walicheka sana, yeye hakucheka. Jibu hilo nilitembea nalo kwa miaka, nikilisimulia kila penye watu.

Nyumbani kwangu ni mjini, Magomeni ya hukuhuku kusini, pamoja na mume wangu anayefanya kazi bandarini. Lakini msimu ukifika nahamia Mpapura kwa dada yangu. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi, na baina yetu kuna miaka mingi. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mtoto, na mpaka leo anaongea na mimi kama vile sijashuka.

Kinundu nilikigundua nikiwa kwake. Msimu ulikuwa unakwisha, nimerudi kutoka ghalani na vumbi la magunia hadi masikioni, nimeingia bafuni kuoga. Mkono wenye sabuni ukapita juu ya titi la kushoto, upande wa kwapa, ukakutana na kitu. Kilikuwa kidogo, kama punje ya kunde, wala hakikuuma. Nikakigusa tena. Nikamwaga maji yote yaliyobaki kwenye ndoo, nikatoka, nikamwambia dada kwamba kichwa kinaniuma.

Mama yetu alikufa kwa titi. Nyumbani hatulitaji neno saratani. Tunasema "ule ugonjwa wa mama", na baada ya hapo mtu hubadilisha mazungumzo. Mimi nilikuwa shule, bwenini, na nilichoambiwa kilikuwa kidogo: kwamba alificha muda mrefu chini ya kanga, akijifukiza udi ili harufu ya kidonda isisikike, kwamba alipelekwa hospitali akapasuliwa, na kwamba korosho za msimu uliofuata hakuziona. Kwa hiyo nilipokishika kile kinundu pale bafuni sikufikiri mambo mengi. Nilifikiri moja tu, kwamba zamu yangu imefika.

Niliporudi mjini nilimwambia mume wangu tukiwa tunakula. Yeye si mtu wa maneno. Aliacha kula, akanawa mkono, akasema, "Kesho twende."

"Kesho una zamu."

"Zamu si mke wangu," akasema, na hapo mjadala ukaisha.

Daktari tuliyemkuta hospitali alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenyeji wa mikoa ya ziwani, mwenye msalaba mdogo shingoni na Kiswahili kilichonyooka kama cha redio. Aliniita mama. Nilitaka kumwambia kwamba sikumzaa mimi, nikakumbuka kuwa nilikuwa nimelala kifua wazi mbele yake na si wakati mzuri wa kuchagua majina. Alinibonyeza taratibu, titi moja kisha la pili, kisha makwapani, kisha juu ya mfupa wa bega. Aliniuliza habari za mama, nikamwambia. Halafu akanipaka kitu cha baridi chenye kuteleza kama mlenda, akapitisha kifaa cha utrasaundi huku akitazama kioo chake, na mimi nikimtazama yeye usoni. Watu wa kazi za kupima tunajua kuficha uso. Hakunipa chochote.

"Nahitaji kuchukua kinyama kidogo cha hapo kwenye kinundu," akasema mwishowe. "Kwa kuona na kwa kugusa siwezi kukwambia ni nini. Tutaweka ganzi, halafu sindano hii itaingia na kutoka na kipande chembamba, kipelekwe kikaangaliwe kwa hadubini."

Akanionyesha sindano yenyewe. Nikaitazama, nikaangua kicheko mpaka muuguzi akageuka. Lilikuwa bambo. Dogo, safi, linang'aa, lakini bambo.

"Hicho chuma nakijua," nikasema. "Ndiyo kazi yangu."

Nikawaeleza habari za magunia, nao wakacheka, na kicheko kile kikanisaidia kulala chali. Sindano ilipofyatuka ilitoa mlio kama mtego wa panya. Sikusikia maumivu, nilisikia msukumo tu. Lakini chozi lilitoka, likaingia sikioni, na sikujua ni la nini. Naona lilikuwa la magunia yote.

Majibu yalichukua wiki kadhaa kwa kuwa kinyama kilisafirishwa kwenda kwa bingwa wa kusoma vitu hivyo. Katika wiki hizo nilikuwa mtu mbaya. Niligombana na dereva wa bajaji kwa kupita njia ya mzunguko, nikamgombeza muuza samaki kwa samaki ambaye hata sikumnunua. Mume wangu aliniletea ngisi, akawapika mwenyewe, nikamwambia wamekuwa wagumu kama mpira wa tairi, naye akala sahani yake na yangu kimyakimya. Kisha nikaanza kugawa vitu. Kulikuwa na doti ya kanga niliyoinunua sijaivaa bado, nikampa jirani, nikimwambia mimi rangi ile hainipendezi. Nilikuwa nafunga hesabu zangu za dunia. Jirani anaivaa kanga ile mpaka leo, na kila nikimwona nayo natamani kuidai.

Siku ya majibu daktari alitukalisha mimi na mume wangu, akafunga mlango. "Si saratani," akasema.

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, nikaanza kujifunga kanga vizuri niondoke.

"Kaa kwanza, mama. Sijamaliza."

Akaeleza taratibu, akichora kwenye kipande cha karatasi. Uvimbe wenyewe ulikuwa wa aina isiyo na ubaya, wanawake wengi wanao. Lakini ndani ya kile kinyama, kwenye vijia vinavyopita maziwa, palikuwa na seli zilizozidi wingi na ambazo sura yake imeanza kubadilika. Hazikuwa saratani. Zingeweza kukaa hivyo maisha yangu yote zisiwe saratani. Ila mwanamke mwenye seli za namna hiyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuja kupata saratani kuliko mwenzake asiye nazo, na anaweza kuipata hata kwenye titi la pili.

Mimi nilikasirika. Nasema kweli, sikuogopa, nilikasirika. "Daktari," nikasema, "kwetu korosho inapita au haipiti. Mimi nimepita au sijapita?"

"Bado sijui," akasema. Niliheshimu jibu hilo baadaye sana; siku ile lilinichoma. "Sindano imechukua kipande kidogo tu. Nataka kukiondoa kinundu chote na nyama kidogo ya pembeni yake, tuiangalie yote. Mara nyingine pembeni ya seli kama hizi kunakuwa na saratani yenyewe ambayo sindano imeikosa."

"Basi choma pengine," nikasema.

Maneno yalikuwa yameshatoka. Na kwa kuwa yameshatoka nikayaongezea mengine, kama wanavyofanya wote. "Hapo umepata bahati mbaya tu, daktari. Sogea kidogo pembeni, choma pengine, utakuta pazuri."

Mume wangu, ambaye kisa cha yule mzee amekisikia mpaka amekichoka, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Daktari hakucheka. "Nikichoma pengine nikakuta pazuri, na pale pa kwanza tufanyeje?"

 Nilikaa pale nikamwona yule mzee wangu akilizungusha gunia, kidole chake juu ya katani, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hakuwa mjanja wala mwongo. Alikuwa anaogopa. Alikuwa amebeba mwaka wake mzima mgongoni akauleta mlangoni kwangu, na nilichompa ni neno la kuchekesha watu.

"Kwetu," nikasema, "gunia likitia shaka halichomwi mara ya pili. Linamwagwa lote kwenye turubai, linachambuliwa."

"Ndicho ninachokuomba," akasema daktari.

Nikamwambia nitampa jibu. Kwetu mtu hapasuliwi kabla wakubwa wake hawajaambiwa, na mkubwa wangu ni mmoja.

Nilimkuta dada uani anatwanga kisamvu. Nilimweleza yote, tangu bafuni kwake mpaka ule mchoro wa daktari. Alitwanga muda wote niliokuwa nasema. Nilipofika kwenye kupasuliwa, mchi ukasimama.

"Hapana," akasema.

"Dada, wanasema..."

"Nnakwambia hapana. Lile dude limelala. We mwenyewe umesema wameangalia, si ule ugonjwa. Sasa unampelekea mtu kisu alichokoe kwa nini? Chuma kinaliamsha. Lishaguswa na sindano, bora liachwe hapohapo litulie."

Hayo mengi nilikuwa nimeyasikia kwa watu. Pwani yetu nzima inajua kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika. Nikaanza kumweleza habari za turubai, hakutaka kusikia. Akakaa kwenye kigoda, akafunika uso kwa mikono inayonuka kisamvu, na sauti iliyotoka pale sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama alikuwa anatembea," akasema. "We hukuwepo. Alikuwa anatembea, anapika, anakwenda shamba. Ana kidonda, ndio, lakini anatembea. Mie ndo nlomwambia twende hospitali. Hakutaka. Alilia njia nzima. Mie ndo nlomshika mkono. Wakampasua, na toka siku ile hakusimama tena. Mie nlimpeleka kwenye kisu, mdogo wangu. Sasa unataka nkupeleke na wewe?"

Sikujua. Miaka yote ile, misimu yote niliyolala nyumbani kwake na kula chakula chake, sikujua kwamba dada yangu anaamini alimuua mama. Nilikwenda nikakaa chini karibu na miguu yake. Nilitaka kumwambia si kweli, lakini mimi ni mchoma magunia, sijui saratani inaamshwa na nini. Kumwambia neno nisilolijua kungekuwa ni kumtuliza mtoto.

"Sitakusindikiza," akasema nilipokuwa naondoka. "Ukenda, nenda. Lakini mie sikusindikizi."

Nilirudi mjini nimegawanyika. Usiku ule na siku zilizofuata nilikuwa nikisema ndiyo asubuhi na hapana jioni. Kilichonisaidia hakikuwa ushujaa. Nilikumbuka tu korosho zenye unyevu. Wakulima huzileta zikiwa hazijakauka vizuri, na ukizikata utakuta ndani nzuri, nyeupe, huna cha kulalamikia. Lakini ukiziingiza ghalani hivyohivyo, baada ya muda zitaota ukungu. Gunia kama lile siliiti bovu, wala siliingizi ghalani nikalisahau. Namrudishia mwenyewe akalianike, na kesho nalipima tena, na keshokutwa. Nikajiona nilivyokuwa mpumbavu kugawa doti nzima ya kanga kwa ajili ya unyevu. Na unyevu ukiachwa je? Mume wangu nilipomwambia mawazo hayo alisema, "Sasa hapo umeongea kama wewe." Asubuhi yake tukaenda kuomba tarehe, nami nikampelekea dada habari.

Siku ya kupasuliwa tulifika mapema, tumbo tupu kwa amri ya daktari. Nje ya lango la hospitali wanawake wa vitafunwa walikuwa wameshapanga beseni zao. Mwisho wa mstari, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, alikaa mwanamke mwenye kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Kanga yake niliijua kabla sijauona uso.

"Dada!"

"Sijakusindikiza," akasema, hanitazami. "Nimekuja kuuza mihogo."

Katika maisha yake dada hajawahi kuuza kitu barabarani. Mwanamume mmoja aliyevaa sare za ulinzi akaja, akataka mihogo. Dada akamwambia imekwisha. Kikapu kilikuwa kimejaa, mvuke unatoka. Yule mlinzi akatazama kikapu, akamtazama dada, akaenda kwa mwingine. Nilicheka mpaka nikaumia mbavu, na yeye akaendelea kutazama barabara kama mfanyabiashara anayesubiri wateja wake maalumu. Nikaingia ndani nikiwa na nguvu ambazo sikutoka nazo nyumbani. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba saa zote nilizokuwa ndani dada hakuuza hata kipande, na alimuuliza kila mtu wa hospitali aliyetoka langoni kama kuna mwanamke wa Mpapura amekufa.

Kidonda kilipona vizuri. Kimeacha mstari mfupi karibu na kwapa na titi limebonyea kidogo upande ule, ambapo mume wangu anasema haoni kitu, na namwacha aseme hivyo. Kungoja majibu ya pili hakukuwa kama kungoja ya kwanza. Sikugawa chochote. Nilifua mapazia yote ya nyumba.

Tulipoitwa, dada alikuja mpaka ndani. Alisema jua kali, hawezi kukaa nje. Akaketi kiti cha pembeni kabisa, karibu na mlango, kama mtu anayetaka kutoka upesi.

"Hakuna saratani," akasema daktari. "Tumeitoa sehemu yote, imeangaliwa yote. Zile seli zilizobadilika zipo, kama tulivyoziona mwanzo, lakini saratani hakuna."

Nilimshika mume wangu goti nikalibana. Sikumbuki nilisema nini. Ninachokumbuka ni furaha, ya kimwili kabisa, kama njaa: nilitaka kula, nilitaka mihogo yote ya kile kikapu.

Daktari akaniacha nifurahi, kisha akanirudisha kazini. Hatari bado ipo, akasema, kwa sababu mwili uliotengeneza seli zile ndio huohuo ninaoendelea kutembea nao. Wengi wenye kama zangu hawaipati saratani kabisa, lakini hakuna wa kuniambia kama mimi ni miongoni mwao. Kwa hiyo nitakwenda kupimwa kila mwaka, kwa mkono na kwa picha, na kukitokea kitu kipya kitakutwa kingali kidogo, wakati ambapo kutibika ni rahisi. Vipo pia vidonge vya kupunguza hatari, vina faida yake na udhia wake, tutakaa tuvizungumze. Nikamwambia kupima kila msimu ni jambo ninaloliweza. Labda ndilo jambo pekee ninaloliweza.

"Na kwa kuwa mama yenu aliugua," akaendelea, "ningependa kumwangalia na huyu." Akageukia mlangoni. "Wewe ni dada yake, mama?"

 Dada alikuwa ameshikilia pindo la kanga kwa mikono yote miwili.

"Nina swali," akasema. "Kisu kinauamsha ule ugonjwa?"

Daktari akataka kujibu haraka, nikamwona akijizuia. Akavuta kiti chake akasogea karibu naye. "Unamuulizia huyu mdogo wako, au mama yenu?"

"Mama."

Dada akamweleza, neno kwa neno kama alivyonieleza uani. Kutembea, kupika, kidonda, kulia njia nzima. Safari hii alisema na mengine: kwamba kwapani kulikuwa na vinundu vigumu, kwamba mama alikuwa anakohoa na mgongo unamuuma kabla hata ya hospitali, kwamba amekonda.

"Sikumwona mama yenu," akasema daktari, "kwa hiyo siwezi kusema kila kitu. Lakini kisu hakiamshi saratani. Na haya unayonieleza, kidonda, kwapa, kikohozi, mgongo, yanaonyesha ugonjwa ulikuwa umeshatembea mwilini kabla hajaguswa na mtu. Aliuficha muda mrefu."

"Aliuficha," akasema dada. "Nlikuja kuuona siku moja tu, anabadilisha kanga."

"Na baada ya kuuona, ulikaa muda gani ndipo ukampeleka?"

Dada alimtazama kama vile hakuelewa swali lina maana gani. "Muda gani tena? Kesho yake."

"Kesho yake," daktari akarudia. "Basi hukuchelewa hata kidogo, mama. Katika habari yote hiyo, aliyewahi ni wewe."

 Nilisikia pikipiki nje, na mtu akiita namba ya mgonjwa.  Kisha dada akasema, si kwa daktari wala kwangu, "Sikumuua."

"Hapana," akasema daktari.

"Nlimpeleka kesho yake."

"Ndiyo."

Aliinuka. Nikadhani anatoka nje, nami nikainuka nimfuate. Badala yake alikuja mbele yangu, akaivua kanga ya mabegani, akaniwekea mikononi kama mtu anayekabidhi mtoto. "Nshikie," akasema. Kisha akaenda mwenyewe mpaka kwenye kitanda, akavuta pazia, na daktari akamfuata.

Mume wangu alitoka, akatuacha. Nilisimama na ile kanga, ina joto lake bado, ina harufu ya moshi wa jikoni kwake. Nyuma ya pazia nilimsikia daktari akimwambia anyanyue mkono, na dada akimuuliza kama mikono hii ya barafu amepewa na serikali au alizaliwa nayo, halafu akacheka. Kicheko hicho nilikuwa nakikumbuka kwa mbali sana, cha enzi mama yuko hai, nikiwa mdogo, nakisikia kikitikisa mgongo niliolalia. Nikaweka uso kwenye kanga nikalia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.